Henia: Upasuaji, Kusubiri au Ayurveda?

Mtu akishaambiwa ana henia, au ngiri kama wengi tunavyoiita, maswali humjia kwa mkupuo. Ni lazima nipasuliwe? Nikisubiri itakuwaje? Na hizo dawa za Ayurveda, elimu ya tiba ya kale ya India, zinazosifiwa kwamba zinarudisha utumbo mahali pake bila kisu, zina ukweli gani? Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu huyo na ndugu zake wanaomshauri, maana wengi hupoteza miezi wakilinganisha vitu ambavyo havifanyi kazi moja.

Henia ina mambo matatu ndani yake. Kuna tundu, yaani sehemu ya ukuta wa tumbo iliyolegea au kuachana. Kuna msukumo kutoka ndani unaofanya utumbo au mafuta ya tumbo yapite kwenye tundu hilo: kikohozi kisichoisha, kujikamua chooni, mizigo mizito, mkojo unaotoka kwa shida, ujauzito. Kisha kuna usumbufu anaousikia mgonjwa: uvimbe, uzito, maumivu, kiungulia. Ukiletewa tiba yoyote, iwe ya hospitali au ya mitishamba, iulize kwanza inagusa lipi kati ya hayo matatu. Upasuaji unaziba tundu. Ayurveda, ikitumiwa vizuri, inapunguza msukumo na sehemu ya usumbufu. Mkanda unazuia uvimbe usitokeze kwa muda ule tu uliovaliwa. Kusubiri hakugusi lolote, lakini kwa baadhi ya watu ni uamuzi halali kabisa.

Hali isiyo na uchaguzi

Kuna wakati ulinganisho wote huu hauna kazi. Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani ukilala sasa umegoma kurudi, umekuwa mgumu na unauma ukiguswa. Ngozi iliyo juu yake imebadilika rangi. Unatapika, tumbo limejaa, choo hakuna na hata hewa haitoki. Dalili hizi hazihitaji kukamilika zote. Uvimbe uliogoma na maumivu makali vinatosha. Hapo utumbo huenda umenaswa na damu haiufikii, na utumbo usiopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usile, usikandwe, usiusukume uvimbe kwa nguvu, na usinywe dawa yoyote ya kuharisha.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu dawa ya kufungua choo ndiyo ya kwanza kushikwa na mtu anayeamini kwamba tumbo lake limefunga tu. Kuulazimisha ufanye kazi utumbo ulionaswa ni kuukaribisha upasuke.

Vitabu vya Ayurveda vyenyewe vinasemaje

Watu wengi hawajui kwamba Ayurveda inaijua henia tangu zamani sana, na kwamba mabingwa wake wa kale waliizungumzia kwa uangalifu kuliko baadhi ya wauzaji wa leo. Kitabu cha Sushruta, ambacho ndicho nguzo ya upasuaji katika elimu hiyo na kina umri wa zaidi ya miaka 1,500, kinataja aina saba za uvimbe wa kinena na korodani kwa jina moja la jumla, vriddhi. Ndani ya kapu hilo mna uvimbe wa maji, tunaouita busha, mna uvimbe wa damu, wa mafuta, na mwishoni mna antravriddhi, uvimbe wa utumbo, ambao ndio henia.

Maelezo yake yanashangaza kwa usahihi. Yanasema chanzo ni kubeba mzigo mzito, kushindana mwili na mtu mwenye nguvu zaidi, au kuanguka kutoka mtini. Uvimbe hujaa kama kibofu kilichopulizwa. Ukiubonyeza unapanda juu kwa sauti, ukiuachia unajaa tena. Daktari wa leo anayemsimamisha mgonjwa, akamwambia akohoe huku ameweka vidole kinenani, anatafuta jambo lile lile.

Baada ya maelezo hayo kitabu kinatoa hukumu: henia iliyokwisha kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani haiponi kwa dawa. Sura ya tiba nayo inapoanza inazungumzia zile aina sita nyingine, ya utumbo ikiwekwa kando. Kwa henia ambayo bado iko kinenani, haijashuka, kitabu kinaelekeza tiba ya kutuliza vata, nguvu ya mwendo mwilini kwa mujibu wa elimu hiyo, pamoja na kuchoma kinena kwa chuma chenye ncha ya umbo la mwezi mchanga. Nia ya kuchoma ilikuwa kuifunga njia. Kwa maneno mengine, hata Sushruta alipotaka kuziba tundu alichukua chombo cha moto mkononi, hakuandika kikombe cha mitishamba.

Kwa hiyo mtu akikwambia Ayurveda ya asili inaponya henia yoyote kwa vidonge, anakwenda kinyume na vitabu anavyovitegemea. Na ukisikia ushuhuda wa uvimbe wa korodani uliokwisha kwa dawa, uliza kama ulipimwa. Uvimbe wa kinena na korodani una sababu nyingi, mojawapo tezi zilizovimba kwa maambukizi ambazo hupungua zenyewe, na aliyepona uvimbe wa aina hiyo hakupona henia.

Tundu: nani analiziba?

Hapa mizani inaelemea upande mmoja. Kwa mtu mzima, tundu la henia halijifungi. Hakuna mmea, mafuta, zoezi wala chakula kilichothibitishwa kulifunga. Linaweza kukaa vile vile kwa miaka, au likapanuka polepole.

Upasuaji wa kisasa wa henia ya kinena ulianzia Italia, ambako daktari Edoardo Bassini alichapisha mbinu yake mwaka 1887: kushona tabaka za misuli pamoja. Tatizo la kushona peke yake ni mvutano. Misuli iliyovutwa ikakutanishwa kwa nguvu hutamani kuachana tena. Katika miaka ya 1980 daktari Irving Lichtenstein na wenzake, Los Angeles, waliendeleza mbinu ya kuweka kipande cha wavu mwembamba juu ya sehemu dhaifu bila kuvuta misuli. Tishu za mwili huota kupitia matundu madogo ya wavu huo na kuufanya sehemu ya ukuta. Upasuaji huu unaweza kufanyika kwa ganzi ya sehemu husika tu, mgonjwa akiwa macho, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njia nyingine ni ya kamera na matundu madogo, ambayo kwa kawaida huhitaji nusukaputi lakini maumivu ya siku za mwanzo huwa madogo zaidi. Kazi nyepesi hurejewa ndani ya wiki moja au mbili; mizigo mizito husubiri wiki nne hadi sita, kadiri daktari atakavyoona.

Upasuaji nao una gharama yake mwilini, na si haki kuificha. Takribani mtu mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu ya kinena yanayoendelea zaidi ya miezi mitatu, ingawa kwa wengi wao si makali. Asilimia chache henia yao hurudi. Kuna maambukizi, kuna damu kuvilia, na kwa wenye moyo au mapafu dhaifu kuna hatari ya nusukaputi yenyewe. Mtu asiyesikia maumivu yoyote leo ana sababu ya msingi ya kujiuliza kama anataka kuingia kwenye hatari hiyo.

Kusubiri, na nani anayeweza

Swali hilo lilipimwa Amerika ya Kaskazini kwa wanaume 720 wenye henia ya kinena iliyowasumbua kidogo tu au isiyowasumbua kabisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Nusu walipasuliwa, nusu walisubiri chini ya uangalizi. Kunaswa kwa ghafla kulikuwa nadra mno: chini ya matukio mawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Waliofuatiliwa hadi miaka kumi, ikakadiriwa kwamba takribani asilimia 68 ya waliosubiri waliishia kupasuliwa, wengi kwa sababu maumivu yaliongezeka.

Matokeo hayo naona yana faraja na ukweli kwa pamoja. Ukiwa mwanaume mzima, henia ya kinena haikuumi na inarudi ndani kirahisi, una muda wa kufikiri, kupanga na kujiandaa. Hulazimiki kukimbilia kisu wiki hii. Lakini mara nyingi kusubiri ni kuahirisha. Na nafasi bora ya Ayurveda katika ugonjwa huu, kwa maoni yangu, ni ndani ya muda huo wa kusubiri: kuufanya mwili usijikamue, usikohoe, ufike siku ya upasuaji ukiwa na afya, ikiwa siku hiyo itafika.

Mkanda wa henia unafaa kwa kipindi kama hicho pia, hasa kwa mtu ambaye afya yake hairuhusu upasuaji. Huvaliwa ukiwa umelala na uvimbe umesharudi ndani. Mkanda unaobana juu ya uvimbe ambao bado uko nje unaweza kuumiza utumbo, na wengi huuvaa hivyo kwa kutoelekezwa.

Si kila henia ni sawa

Kosa kubwa kuliko yote ni kupokea ushauri uliomfaa mwenye henia ya aina nyingine. Karibu robo tatu ya henia za ukuta wa tumbo ni za kinena, na ni ugonjwa wa wanaume zaidi: kwa makadirio ya Uingereza, mwanaume ana uwezekano wa asilimia 27 kufanyiwa upasuaji wake maishani, mwanamke asilimia 3. Yote niliyosema kuhusu kusubiri yanahusu hiyo.

Henia ya juu ya paja, inayotokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena, ni jambo jingine. Huwapata zaidi wanawake, hasa wenye umri mkubwa, na mlango wake ni mwembamba na mgumu. Utafiti mmoja uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulikadiria kwamba asilimia 22 ya henia hizo zilikuwa zimenasa na kukosa damu ndani ya miezi mitatu tangu zigundulike, na asilimia 45 ndani ya miezi 21. Hapa hakuna cha kusubiri, hakuna mkanda, na hakuna kozi ya miezi mitatu ya mitishamba. Mwanamke mwenye uvimbe wa kinena apimwe mapema ijulikane ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa watoto mambo yanageuka. Henia ya kitovu ya mtoto mchanga mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya umri wa miaka minne au mitano, kwa hiyo dawa yoyote aliyopewa katika kipindi hicho itapata sifa ambayo si yake. Kumfunga sarafu au kitambaa kitovuni hakuharakishi kitu na kunaweza kumchubua ngozi. Lakini henia ya kinena ya mtoto haijifungi, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo hatari ya kunaswa inavyokuwa kubwa. Huyo hupasuliwa, wala hapewi mafuta ya kuharisha au unga wa mitishamba.

Henia inayotokea kwenye kovu la upasuaji wa zamani huelekea kukua na kufungwa kwake ni kugumu zaidi ikiachwa ikawa kubwa. Mwenye maji tumboni kwa sababu ya ini naye asijaribu chochote bila daktari, kwani henia yake ya kitovu inaweza kupasuka ngozi.

Halafu kuna henia ya kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambapo sehemu ya tumbo la chakula hupanda kifuani kupitia nafasi ya umio. Haionekani kwa nje. Mtu huhisi kiungulia, kucheua tindikali, kujaa. Zile ndogo zinazoteleza juu na chini, ambazo ndizo nyingi, kwa kawaida hazihitaji kisu. Ni hapa ambapo Ayurveda na hospitali husogeleana kuliko mahali pengine popote, na nitaeleza kwa nini.

Dawa na desturi za Ayurveda, moja moja

Nianze na choo, kwa sababu ndipo faida ya kweli ilipo. Trifala ni unga wa matunda matatu makavu, na hulainisha choo kwa upole. Maganda ya mbegu za isabgoli (psyllium) hufanya kazi hiyo hata vizuri zaidi, na hospitali nazo huyatumia. Kijiko kimoja cha chai hukorogwa kwenye glasi nzima ya maji na kunywewa papo hapo, kabla hakijavimba na kuwa kama uji mzito. Kisha inaongezwa glasi nyingine ya maji. Ukiyanywa na maji kidogo yanaweza kukwama kooni au kuufunga utumbo badala ya kuufungua. Dawa nyingine unazotumia ziachanishe nayo kwa saa mbili hivi, kwani maganda hayo hupunguza ufyonzwaji wa dawa hizo. Na mwenye dalili za utumbo kuziba asiyaguse. Kwa mtu mwenye henia anayejikamua kila asubuhi, hili ni badiliko dogo ambalo mwili hulihisi kila siku.

Mafuta ya nyonyo ndiyo dawa maarufu ya vriddhi katika vitabu vya kale. Ni dawa kali ya kuharisha, na mimi siyapendekezi kwa mwenye henia. Husababisha msokoto wa tumbo, hayafai kwa mjamzito kwa kuwa yanaweza kuchochea uchungu, na hatari yake utumbo ukiwa umenasa nimeshaieleza. Kinachotakiwa ni choo laini kila siku, si kuharisha kwa kishindo mara moja kwa wiki. Vivyo hivyo kwa tiba ya kusafisha tumbo kwa dawa za kuharisha au kwa kuingiza dawa njia ya haja kubwa: mwenye henia asiifanye pasipo daktari kuthibitisha kwamba utumbo uko salama.

Mvuje, tangawizi, jira na viungo kama hivyo hutumika kupunguza gesi na kujaa. Kama viungo vya chakula havina neno, na wengi hupata nafuu ya tumbo. Mwenye henia ya kiwambo awe mwangalifu, kwani tangawizi nyingi na pilipili manga huweza kumwongezea kiungulia. Mizizi ya susi husifiwa kwa kutuliza umio, lakini ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mwenye presha au ugonjwa wa figo aiache.

Kukandwa kwa mafuta vuguvugu kunapumzisha mgongo na misuli iliyokaza. Juu ya uvimbe wenyewe, hapana. Hakuna ukandaji unaorudisha nyuzi za ukuta wa tumbo zilizoachana, na vidole vyenye nguvu vinaweza kujeruhi utumbo ulio chini ya ngozi tu.

Sasa vidonge. Dawa moja ya Ayurveda inayouzwa kwa jina la henia ni Vriddhivadhika Vati. Fomula yake ya kale si majani matupu: ina zebaki iliyochanganywa na salfa, majivu ya shaba na bati, na madini ya aseniki, pamoja na trifala na viungo. Mafundi wa Ayurveda husema madini hayo yamesafishwa kwa moto na mimea hadi yakapoteza sumu. Vipimo vya maabara vinatia wasiwasi. Watafiti wa Marekani walipopima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki; kwa zile zinazotengenezwa kwa makusudi na madini, ilikuwa asilimia 40. Risasi huharibu neva, zebaki huumiza figo, aseniki husababisha saratani, na mtu anayemeza kwa miezi akisubiri tundu lijifunge anajirundikia sumu kwa faida ambayo haijathibitishwa. Kwenye hili sina uvuguvugu: dawa ya henia yenye madini usinywe.

Yoga nayo inahitaji kuchaguliwa. Kupumua polepole kwa tumbo ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa, ni salama kwa wengi na kunamfundisha mtu kutobana pumzi. Ila kapalabhati, ile ya kupuliza pumzi kwa kasi huku tumbo likipigwa ndani, mayurasana ya kuegemeza tumbo juu ya viwiko, na mikao ya kuinua miguu na kiwiliwili kwa pamoja, yote huongeza msukumo ndani ya tumbo. Mwalimu asiyeuliza kama una henia kabla ya kukuweka kwenye mikao hiyo si wa kumfuata.

Kujikinga: hapa Ayurveda ina la kufundisha

Charaka, mwandishi mwingine mkubwa wa kale, ana sura nzima kuhusu haja 13 za mwili ambazo hazipaswi kuzuiwa: choo, mkojo, hewa, chafya na nyinginezo. Ushauri huo unafaa hadi leo. Anayezuia choo kwa sababu ya kazi hukipata kikiwa kigumu, na choo kigumu ndicho kinachomfanya ajikamue. Ukiwa chooni, weka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, toa pumzi polepole. Kikikataa, inuka, urudi baadaye. Kubana pumzi na kusukuma kwa dakika kumi ni kuupima nguvu ukuta wa tumbo kila siku.

Kuhusu kula, Charaka aligawa tumbo mafungu matatu: moja la chakula kigumu, moja la majimaji, moja liachwe wazi. Mwenye henia ya kiwambo akimwendea daktari wa hospitali ataambiwa jambo linalofanana: kula kidogo kidogo, usilale kabla ya saa tatu kupita baada ya mlo, inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, punguza uzito. Ndiyo maana nilisema njia hizo mbili husogeleana hapo. Anayefuata nidhamu hiyo, awe ameipokea kutoka kwa nani, mara nyingi hupunguza dawa za tindikali.

Upande wa hospitali una mambo ambayo vitabu vya kale havikuyagusa sawasawa. Uvutaji sigara huleta kikohozi, hudhoofisha tishu, na baada ya upasuaji huongeza maambukizi na uwezekano wa henia kurudi. Kikohozi cha muda mrefu kitafutiwe sababu yake, kisinyamazishwe tu. Mwanaume anayekojoa kwa kusukuma apimwe tezi dume kabla ya kuhangaika na kinena. Unene una uhusiano wa wazi zaidi na henia za kitovu na za makovu kuliko za kinena.

Lakini nisimpe mtu matumaini ya uongo: henia ya kinena ina mizizi ya urithi na ubora wa nyuzi za mwili, na mtu aliyeishi kwa uangalifu wote bado anaweza kuipata. Asijilaumu.

Ukiamua kutumia vyote viwili

Hakuna ubaya kwa mtu kuwa na daktari wa upasuaji na tabibu wa Ayurveda, mradi kila mmoja anajua habari za mwenzake. Kabla ya upasuaji, mtajie daktari kila unga, kidonge na mafuta unayotumia. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi, manjano na guguli (utomvu wa mti) vinaweza kuathiri kuganda kwa damu, na kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla. Baada ya upasuaji, dawa kali za maumivu hufunga choo, na hapo isabgoli, maji na matembezi mafupi hurudi kuwa na thamani kubwa, daktari akiruhusu.

Kwa tabibu wa Ayurveda nenda na majibu ya vipimo vyako yenye jina la aina ya henia. Muulize: dawa hii inakusudia kuziba tundu au kunilainishia choo? Ina madini gani, na kuna cheti cha maabara? Nikiona dalili gani niiache na kukimbilia hospitali? Tabibu mwenye elimu hujibu yote matatu bila kukasirika, na wapo wengi watakaokwambia wenyewe ukapasuliwe. Kwa daktari wa upasuaji uliza pia: henia yangu ni ya aina gani, naweza kusubiri au la, utatumia wavu au kushona, ganzi au nusukaputi, na umeshafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi?

Ukichagua kusubiri, kubaliana na daktari tarehe ya kuonana tena, na kati ya siku hizo jiangalie kila ulalapo: uvimbe unarudi ndani kama zamani? Siku utakapoona unarudi kwa shida, au maumivu yameanza kukuzuia kutembea na kufanya kazi, usingoje tarehe hiyo.